Siku Mama Aliposema Yote

Neno lenyewe la Kiingereza nilifundishwa jikoni, nikichemsha maziwa, na aliyenifundisha alikuwa amefura kwa hasira. Nilikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu kule Upper Hill, siku zile ambapo mlima ule ulikuwa na nyumba za mawe na bustani za waridi, si maghorofa ya benki. Kosa langu lilikuwa dogo. Nilimwambia dobi kwamba bwana na memsahib wanakwenda Mombasa mwezi ujao. Dobi akamwambia mpishi wa jirani, mpishi akamwambia memsahib wake, na huyo akaja kunywa chai akauliza habari za safari. Kumbe safari yenyewe bwana hakutaka ijulikane.

Memsahib akaniambia kwamba sitakiwi ku-divulge mambo ya nyumba yake. Aliongea Kiingereza kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza kuni na maji ya kuoga, na kwa kugombeza hakikumtosha.

Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka Kiingereza changu kikaacha kuwa cha kuombea maji, lakini neno hilo lilinipita. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana hasira ilimpungua akageuka mwalimu. Wazungu wengi wa wakati ule waligeuka walimu wakikosa la kufanya. Akanieleza kwamba ku-divulge si kusema tu. Mvua ikinyesha huwezi ku-divulge mvua, kila mtu anaiona. Una-divulge kile tu ulichopewa ukitunze, au ulichokijua kwa sababu uliruhusiwa kukaa karibu. Tena lazima awepo wa kupokea: uli-divulge kwa nani? Na neno hilo, alisema, hutumika zaidi kwa kukanusha. Fulani alikataa ku-divulge. Fulani hata-divulge kamwe. Akanitaka nirudie, "I shall not divulge," nami nikarudia kama kasuku, huku maziwa yakifurika na moyoni nikimtusi.

Si kwamba sisi tulikuwa na upungufu wa maneno. Tunayo kutoa siri, kutoboa, kufichua, kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Wazee walituonya kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini nilikubali, shingo upande, kwamba neno la memsahib lilikuwa na jambo lake: lilimkazia macho yule aliyepewa kutunza. Mwaka huohuo nikalisikia mara ya pili, katika chumba cha mabati upande wa Uthiru, likielekezwa kwa mamangu. Kule Upper Hill lilikuwa dhambi, kule Uthiru likawa wajibu. Kitenzi ni kilekile, na mpaka leo nikikisikia redioni huwa naizima.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na watu wa msituni. Kwetu ni Waithaka, sisi ni Wakikuyu wa Dagoretti, na mamangu alikuwa mjane aliyelima njegere na kabichi akazibeba mgongoni mpaka soko la mjini, akawauzia Wahindi wenye vibanda. Kiswahili chake alikiokota huko. Watoto tulikuwa wawili, mimi na kakangu, ambaye alinizidi umri kidogo na aliyefanya kazi katika gereji ya Mhindi mmoja katikati ya mji. Alikuwa mtu wa mzaha, mwoga wa nyoka, mpenda viatu. Nasema hivi kwa sababu baadaye wako waliomfanya shujaa na wako waliomfanya gaidi, na mimi niliyekula naye sahani moja nakataa yote mawili.

Mama alikuwa ameokoka. Neno hilo siku hizi limechujuka, kila mtu ameokoka, lakini wakati ule lilikuwa na gharama. Waliookoka walikataa kula kiapo cha watu wa msituni, na walikataa vilevile kushika mkuki wa homgadi, wale walinzi wa vijijini waliowekwa na serikali. Kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili. Walikutana Jumapili alasiri katika nyumba ya seremala mmoja, wakakalia mbao zake, na desturi yao kubwa ilikuwa kutembea nuruni. Maana yake hakuna kuficha. Ukikosa unasimama mbele ya ndugu, unasema, nao wanaimba kumshukuru Mungu. Lakini kusema mbele ya ndugu hakukutosha. Ilikubidi uende kwa yuleyule uliyemkosea, ukarekebishe naye uso kwa uso.

Seremala mwenyewe aliwahi kutembea mpaka mjini kumrudishia Mzungu spana aliyoiba wakati wa vita vya dunia, na Mzungu akamdhania kichaa. Mama alirudisha chumvi dukani, chumvi ambayo Mhindi alimpimia zaidi kwa makosa miaka mingi nyuma. Mhindi alicheka mpaka akamwita mkewe aje aone. Sisi watoto tulimtania sana. Kakangu alimwambia, "Mama, wewe ukifika mbinguni utamrudishia Mungu hata hewa uliyovuta." Mama alicheka, lakini alicheka kama mtu anayelifikiria jambo.

Kakangu hakuwa ameokoka. Askari walipoanza kuwazoa Wakikuyu mjini, aliacha kwenda gereji, akapotea. Mimi sikujua aliko. Mama alijua. Alikuwa amejificha katika kibanda kilichoachwa na wachoma makaa, ndani ya msitu wa miti ya miwati, ng'ambo ya kijito kilicho chini ya shamba letu. Asubuhi moja ya mvua alikuja nyumbani amelowa chapachapa. Mama akampa uji, akamvua koti akalianika motoni, akaona bitana imechanika, akaishona. Akala, akavaa, akaondoka. Mchana wa siku hiyo alipita Mzungu kijana, ofisa wa kituo cha serikali kule Uthiru, pamoja na homgadi, wakamuuliza mama kama amemwona mwanawe. Mama akasema hajamwona.

Uongo huo ndio uliomnyima usingizi. Hatari ya mwanawe aliizoea, na njaa ya mwanawe alikuwa na dawa yake, chungu cha uji. Uongo haukuwa na dawa ila moja.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikamsindikiza kwa seremala. Mimi sikuwa mmoja wao. Nilikaa karibu na mlango, mahali pa watu wenye nia ya kuondoka mapema. Mama akasimama, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Ndugu zangu," akasema, "nimemdanganya ofisa. Aliniuliza kama nimemwona mwanangu, nikasema sijamwona, na bakuli lake lilikuwa bado halijaoshwa."

Wakaimba. Mimi nilikaa pale nikimtazama kila aliyefungua mdomo, nikijiuliza huyu ana shemeji wapi, yule ana binamu gani kwa homgadi. Siri ya mtungi aijuaye kata, wasemavyo, lakini mtungi wa mama sasa ulikuwa na kata nyumba nzima. Wote walikuwa watu wema. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana yeyote kati yao akiulizwa angesema kweli.

Seremala alikuwa mtu mpole, sitaki kumsingizia. Baada ya maombi alikuja akaketi kando ya mama.

"Dada, sisi umetuambia," akasema. "Lakini uongo hukutuambia sisi."

"Najua, ndugu."

"Aliyedanganywa ndiye wa kurudiwa."

"Ndugu, ni mwanangu."

"Ni mwanao," akasema, na machozi yakamtoka kweli.

Njiani nilimwambia mama twende tukamhamishe kakangu kabla ya giza, tumpeleke hata Limuru, hata kwa shetani. Nilimwambia anataka kumuuza mtoto wake mwenyewe. Hilo lilimuuma, akasimama katikati ya njia.

"Anauza anayepokea kitu," akasema. "Mimi nitapokea nini? Nisikilize. Wakimkuta wenyewe huko kwenye miwati watampiga risasi kama swara. Atakimbia, nao watafyatua. Nikienda mimi nikawaeleza alipo, nikawaambia wamwite kwa jina, watamchukua akiwa hai. Watamfunga. Aliyefungwa hurudi."

Wiki hiyohiyo maiti mbili zilikuwa zimelazwa kando ya barabara ili watu waone. Chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba anayejisalimisha hatauawa. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa na hesabu yake, nami sikuona ilipokosewa. Nilimwomba tu nifuatane naye, kwa sababu yeye Kiingereza hana na mimi ninacho.

Kesho yake nilimwambia memsahib nampeleka mamangu hospitali. Uongo huo haukuninyima usingizi hata kidogo.

Kituo kilizungukwa na handaki lililopigwa vijiti vyenye ncha, na ndani ya kituo kulikuwa na chumba cha mabati chenye meza, viti viwili na benchi. Yule ofisa kijana alikaa mezani, pua imebabuka kwa jua, akiwa na kalamu na karatasi. Kando yake alikaa mkalimani, Mkamba wa makamo aliyelelewa katika misheni ya huku kwetu, kwa hiyo Kikuyu alikisema kama sisi. Mlangoni alisimama homgadi mmoja, mtu wa Waithaka tuliyemjua. Huyo Kiingereza hakujua, lakini Kikuyu kilikuwa lugha ya mamake, na kila neno tulilosema sisi lilimfikia.

Ofisa alimwambia mkalimani kwa Kiingereza kwamba kama mwanamke huyu ata-divulge alipo mwanawe, yeye mwenyewe hatadhurika. Niliposikia neno hilo harufu ya maziwa yaliyoungua ilinijia puani. Mkalimani hakulihangaikia. Alimwambia mama, "Anasema ukituambia aliko, wewe hutaguswa."

"Sikuja ili nisiguswe," mama akasema. "Nimekuja kwa sababu nilimdanganya. Mwambie anisamehe."

Ofisa alipotafsiriwa hayo alicheka kidogo, si kwa ubaya. Nadhani alikuwa hajawahi kuombwa msamaha katika chumba kile kabla ya siku hiyo. Akasema amesamehe, aendelee.

Mama akaendelea. Alieleza kijito, daraja la gogo, miwati, kibanda. Alieleza kwamba mwanawe hulala mchana, na akaomba wamwite kwa jina wakiwa mbali ili asishtuke akakimbia. Kila alipomaliza sentensi mkalimani aliigeuza na ofisa akaandika. Kazi ilikwenda vizuri kama kupakua viazi kutoka gunia hadi gunia. Kisha mama akasogea mbele kwenye benchi. Alifika kwenye jambo alilolipanga njia nzima, jambo la kumlinda mwanawe.

"Wala wasimwogope," akasema. "Bunduki hana. Nilishona koti lake nikapapasa bitana yote. Ana risasi moja tu, imeshonewa humo, na risasi bila bunduki ni kama jiwe."

Mimi nilijua, na mama hakujua. Huko Upper Hill bwana alikuwa na tabia ya kusoma gazeti kwa sauti wakati wa kula, na siku moja nikigawa supu alisoma sheria mpya: kukutwa na bunduki ni kunyongwa, na kukutwa na risasi, hata iwe moja tu, ni kunyongwa vilevile. Chifu barazani alipiga kelele kuhusu bunduki. Kuhusu risasi moja ndani ya koti la mtu, labda alisema, labda hakusema. Mama aliyasikia ya bunduki, na akaja pale kuieleza serikali kwa furaha kwamba mwanawe hana.

Mkalimani alikohoa. Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi. Nadhani alikwisha tambua tangu mwanzo kwamba nakielewa Kiingereza, kwa jinsi nilivyogeuza kichwa kila ofisa aliposema. Akamgeukia ofisa akasema kwamba mama anasema mwanawe hana bunduki na hatapigana. Basi, akanyamaza.

Jina la mtu yule sikulijua wala sikupata kumwona tena. Alikuwa amekula kiapo cha kutafsiri kila neno, ana mke na watoto mahali fulani, na sisi hakutujua. Nilimpenda saa ile kuliko nilivyopata kumpenda mtu asiye wa damu yangu. Homgadi mlangoni hakushtuka. Alisikia risasi ikitajwa kwa Kikuyu, na akadhani imetajwa pia kwa Kiingereza.

Lakini mama alikuwa muuza mboga. Maisha yake yote alipatana na watu ambao lugha zao hakuzijua, akazoea kusoma mikono na nyuso. Aliona kalamu ya ofisa haikuandika kitu. Akanigeukia.

"Amesema yote?"

"Amesema, mama."

"Na ya risasi?"

"Yote, mama."

Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa kisigino chini ya benchi, kwa nguvu zote nilizoweza bila homgadi kuona bega langu likicheza. Kumwambia neno lolote kwa lugha yetu kulikuwa sawa na kulisema mlangoni. Akauvuta mguu wake, akanitazama kwa huzuni, vile alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikikana kula sukari huku imenijaa midomoni. Alijua nadanganya. Hakujua kwa nini.

Kisha akamgeukia ofisa mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha soko.

"Bwana, huyu hapana sema yote. Iko risasi. Moja tu. Ndani ya koti, hapa." Akajishika ubavuni. "Bunduki hapana iko. Bwana hapana ogopa yeye."

Kiswahili hicho Mzungu alikielewa vizuri, ndicho alichosemeshana na mpishi wake. Akaacha kuandika.

"Risasi? Wewe naona na macho yako?"

"Mimi nashika na mkono, bwana."

Ofisa akamuuliza mkalimani mbona hilo halikusemwa. Mkalimani akajibu kwamba hakulisikia vizuri. Ofisa akamwamuru atoke nje asubiri huko. Akatoka, kofia mkononi, bila kutuangalia. Na mama akashusha pumzi ndefu, uso wake ukalegea, ukawa mzuri kama uso wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Sasa nimemaliza," akaniambia.

Walimfuata kakangu mchana uleule. Walimwita kwa jina wakiwa mbali, kama mama alivyoomba. Alitoka na mikono juu, viatu vyake vimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni visishike matope. Hakuna aliyefyatua. Jioni mama alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kuwa mwanawe yu hai, nami nikapiga magoti kando yake. Nilipojaribu kumweleza sheria, alinikata kauli. Alisema hakuna serikali duniani inayoweza kumnyonga mtu kwa kitu kisichoweza kuua. Alikuwa amechoka na alikuwa na furaha, nikamwacha alale.

Nimeligeuzageuza neno la memsahib miaka mingi. Kwa kanuni yake, ili u-divulge, lazima uwe umepewa kitu ukitunze. Kibanda cha makaa mama alipewa akitunze, hilo nakubali. Risasi hakupewa. Kakangu hakumwambia kitu. Vidole vya mama viliipata vyenyewe vikimshonea koti asipate baridi. Sijui Kiingereza kina neno gani kwa hilo. Yupo aliyeniambia kwa Kiswahili, msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu.

Kesi ilisikilizwa mjini, na haikuchukua muda. Risasi iliwekwa juu ya meza, ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kakangu alisema alipewa na mtu gerejini aipeleke mahali. Akaogopa kuipeleka, na akaogopa kuitupa. Niliamini kila neno, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hakimu naye, nadhani, aliamini. Akasema sheria haiulizi kwa nini, akatoa hukumu. Mama alisubiri atafsiriwe, na alipotafsiriwa alimuuliza mkalimani wa mahakama, mtu mwingine kabisa, arudie. Akarudia. Mama akasema, "Kwa ile risasi?" Mkalimani akasema ndiyo.

Tuliruhusiwa kumwona mara moja gerezani, kupitia wavu. Alikuwa amekonda na bado anachekesha. Alimwambia mama, "Chumvi ulirudisha nikakucheka. Mwaka huu umerudisha kikubwa zaidi." Alitaka acheke. Mama alishika wavu akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia hata siku ya kumzika baba. Kakangu akaanza kumbembeleza, yeye aliyehukumiwa, akimwambia nyamaza mama, nilikuwa natania tu.

Mama hakuacha kwenda kwa seremala. Aliketi kwenye ubao uleule. Ilipofika zamu yake ya kusema alisema, "Sina," akaketi, na Jumapili iliyofuata hivyohivyo. Seremala alikonda kuliko yeye. Siku moja alikuja nyumbani kwetu, akasimama uani bila kukaribishwa wala kufukuzwa, kisha akarudi kwake.

Upper Hill sikumwambia mtu kwamba kijana yule ni wangu. Wangejua, kibali changu cha kukaa mjini kingekwisha siku hiyohiyo, na kibali hicho ndicho kilichotulisha. Memsahib aliniuliza mbona macho mekundu nikasema ni moshi wa kuni. Nilikuwa nimejifunza vizuri kuliko alivyotaka.

Halafu siku moja, wakati wa chakula cha mchana, walikuja wageni. Nilikuwa nikizungusha sahani ya viazi mezani, mkono wa kushoto wa kila mtu, kama nilivyofundishwa. Bwana alikuwa akiwahadithia mambo ya ofisi yake serikalini. Akasema yule kijana wa Waithaka amenyongwa asubuhi hii, yule aliyeletwa na mamake mwenyewe, je, mmewahi kusikia kitu kama hicho? Mgeni mmoja akasema hawa watu hawana hisia kama zetu. Memsahib akamkonyeza bwana, akimaanisha mimi nipo. Bwana akasema, "Oh, she's all right. She never says a word."

Nilizungusha viazi mpaka mgeni wa mwisho. Niliweka sahani jikoni, nikavua aproni, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilitembea njia yote hadi Waithaka mchana ule, jua likiwaka, na kwa mara ya pili katika maisha yangu nilitoa nje jambo nililolisikia katika nyumba ile. Aliyelipokea alikuwa mamangu.

Alikuwa ameketi uani akimenya njegere za kupeleka sokoni. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia wamemnyonga asubuhi. Nilisema kwa maneno hayohayo, sikuwa na mengine. Hakupiga kelele. Mikono yake iliendelea na kazi, ganda baada ya ganda, mpaka nikadhani hakunisikia na nikafungua mdomo nirudie.

"Siku ile kule Uthiru," akasema, "ulinikanyaga mguu."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na yule Mkamba alikuwa anajua."

"Alijua, mama. Ndiyo maana alinyamaza."

Akatikisa kichwa taratibu, akiutazama ungo wa njegere. Kisha akanyoosha mkono akauchukua mkono wangu, akakifungua kiganja, akakilaza juu ya midomo yake mwenyewe na kukikandamiza hapo mpaka nikayahisi meno.

"Ungenipiga hapa," akasema kupitia vidole vyangu. "Mguu wa nini? Ungenipiga hapa, mwanangu, mpaka meno yang'oke."